Jeska na Bango la Stesheni

Raymundi alimpiga picha Jeska akimlilia mama yake, kisha akaitundika barabarani kuwaitia watalii. Hakuomba ruhusa, na alijua anachokipiga. Lazima tuanze hapo, maana watu wa Tabora wana tabia ya kuanza habari hii mwishoni, penye kuchekesha, na ule ubaya unapita katikati kimya kimya kama kuku wa jirani.

Jeska ni mtu wa Ulyankulu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa pori na jembe, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Yeye alizaliwa humo humo, barabara ya saba, kwa kuwa kule vijiji huitwa barabara na kila kimoja kina namba yake. Shule hakuiona. Mwaka aliofaa kuandikishwa baba yake alikuwa na tumbaku ya kukausha, na bani, lile banda la kukaushia, linataka mtu wa kulinda moto mchana kutwa. Kaka yake Egidi akaenda shule, Jeska akabaki na moto. Hadi leo akinusa moshi wa tumbaku hutema mate.

"Ilikula shule yangu," husema, "halafu ikamalizia na msitu."

Na kweli iliumaliza. Mabani yalimeza miyombo, upande mmoja hadi mwingine, mpaka nyuki wakahama na wanawake wakawa wanatembea nusu siku kutafuta kuni za kupikia ugali. Jeska alikuwa wa kwanza katika barabara ile kuvunja bani lake, mume wake akiwa ameshafariki na shemeji zake wakimwita kichaa. Mahali pa bani akatundika mizinga ya nyuki. Walimcheka miaka, kisha wakaja kuomba asali.

Wageni walianza kuja kwa bahati tu. Mwezi wa tatu mmoja, mvua ikinyesha kama imetumwa, Wazungu wawili mke na mume walikwama na baiskeli zao matope yakiwa magotini. Walikuwa wanaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, wakapotea wakajikuta Ulyankulu. Jeska aliwaingiza ndani. Mama yake, Mektilda, alikuwa hai bado, kizee kidogo chenye mdomo mkubwa.

"Wape chakula," akasema Mektilda. "Asubuhi wape jembe."

"Mama! Mgeni siku mbili, jembe ni ya tatu."

"Hiyo ni ya watu wenye vibarua. Mimi maharage yangu yamezidiwa na majani."

Basi wale Wazungu wakalima. Mistari yao ilikwenda kama nyoka aliyelewa, na barabara nzima ikaja kutazama na kushika mbavu. Mektilda alikaa kwenye kigoda akiwaelekeza kwa fimbo na Kirundi, na wao wakamwelewa. Siku ya kuondoka yule mwanamke alilia, akionyesha malengelenge ya viganja kama mtu anayeonyesha pete. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wanaulizia mjini nyumba ya bibi mwenye majembe.

Kutoka hapo kupokea wageni kukawa kazi ya Jeska. Hakufundishwa na mtu wala hakuhudhuria semina. Aliweka taratibu zake, chache, akawatamkia wanawake wenzake mpaka zikakaa kichwani. Wageni waje wachache, kwa miguu au kwa baiskeli. Walale kwa zamu, leo kwa Mrundi, kesho kwa Mnyamwezi, asije mmoja akanenepa peke yake na wengine wakamwonea kijicho. Wale kile kinachopikwa, kama ni michembe, vile viazi vikavu, kwa karanga, ni hiyo hiyo michembe. Kila mgeni achote maji kisimani akamwagilie miche ya miti pale palipokuwa mabani. Na picha isipigwe kabla ya kula.

"Utampigaje picha mtu ambaye hujala naye?" Jeska huwauliza. "Utajuaje unampiga nani?"

Mjini alikuwa na mwenzake, Bimdogo, ambaye ukoo wake ulitoka Omani zamani za misafara na kubaki Tabora na biashara zake. Nyumba yake ina mlango wa nakshi na baraza ndefu, na wageni hulala pale usiku wa kwanza kabla ya kuelekea Ulyankulu. Wanawake hawa wawili walikutana sokoni penye galoni la asali.

"Hii asali au maji ya muwa?" Bimdogo aliuliza, kidole kimoja mdomoni.

"Shikamoo, Bibi. Kama ni muwa, basi nyuki wangu wana shamba la miwa."

"Marahaba. Una ulimi. Unaitwa nani?" Alipoambiwa jina, akasema, "Babu zangu walipita kwenye nchi hizi na mizigo ya pembe juu ya vichwa vya watu, wala hawakumuuliza mtu jina. Mimi nauliza. Kaa, unywe kahawa."

Kahawa ile ikawa urafiki. Bimdogo huwaeleza wageni habari za misafara bila kuzipaka asali, waliobebeshwa na waliobebesha, na Jeska huwachukua asubuhi. Wanawake wengi wa barabara ya saba wameacha tumbaku kwa sababu ya mambo haya. Miti imerudi, na nyuki nao. Si mji wote unaoweza kuonyesha kitu kama hicho kilichofanywa na mtu asiyejua kuandika jina lake.

Sasa Raymundi. Huyu ni kijana wa mjini, amesoma, ana magari mawili na kampuni ya kutembeza watalii. Alikuwa anasikia habari za Jeska. Kiangazi kimoja aliingia barabara ya saba na gari limejaa, anataka wageni wake waone ngoma za Kirundi. Akakuta watu wamejaa uani, wanaume wamekaa kimya, wanawake wamefunga kanga viunoni. Mektilda alikuwa amefariki alfajiri ya jana yake.

Egidi, ambaye ni katekista wa kigango chao, alimfuata garini. "Ndugu yangu, leo hakuna ngoma. Tuna msiba."

"Po... aa, basi tutakaa kidogo tu, tutoe heshima," akasema Raymundi, na neno lenyewe likaishia kooni mwake. Wengi waliokuwa karibu walilisikia likiishia pale.

Mtu hafukuzwi msibani. Walipewa vigoda, wakanawishwa mikono, wakala wali na maharage ya msiba pamoja na watu. Raymundi aliongeza sahani. Mwili ulipotolewa nje, Jeska alirusha mikono juu, kilemba kikamdondoka, kinywa kikafunguka chote. Alikuwa anamwita mama yake. Na Raymundi, wali wa msiba ukiwa bado kwenye meno, akanyanyua kamera.

Miezi ilipita. Siku moja Jeska alikuwa anaingia mjini na asali yake juu ya bodaboda, wakafika njia panda ya stesheni. Kulikuwa na bango jipya, pana kama ukuta wa nyumba. Jeska aliinua macho akayaona meno yake mwenyewe.

"Simama," akamwambia dereva. "Pameandikwa nini?"

Dereva akasoma kwa sauti ya furaha, "Karibu Njia ya Misafara! Raha inaanzia hapa!" Akageuka kumpongeza, kisha akalitazama bango tena, taratibu. Akaiona kanga ya kiunoni. Akakiona kichwa kilicho wazi, na wanawake wa nyuma walioshika vichwa kwa mikono miwili. Akazima injini.

"Mama," akasema, "hapa si ulikuwa unalia?"

Sokoni hawakuwa na macho kama ya dereva yule. Muuza nyanya mmoja aliyeitwa Consolatha ndiye aliyempa jina. "Mama Bango! Umeanza kutusahau wenzio! Hebu tupigie na sisi kigelegele kama cha stesheni!" Wengine wakadakia. Jeska aliuza asali yake, akahesabu chenji, akarudi nyumbani.

Kilichomuuma zaidi aliambiwa na Egidi. Kwa Warundi, msiba una kufungwa. Baada ya muda ukoo hukutana, waliokuja kuzika wanarudi, watu wananyoa, wanakunywa pamoja, na mkubwa wa nyumba anatamka kwamba kilio kimekwisha. Huko ndiko kuganduka. Kabla ya hapo nyumba haiozi binti wala haichezi ngoma, na binti wa Jeska alikuwa na mchumba anayesubiri. Baada ya hapo, hakuna tena kumlilia marehemu yule, maana ni kumkatalia kupumzika.

"Tutagandukaje, dada yangu?" Egidi akasema. "Nitasimama mbele ya watu niseme kilio kimekwisha, na wewe uko pale mjini unalia mchana na usiku, jua na mvua?"

Jeska akaenda ofisini kwa Raymundi.

"Dada Jeska! Karibu, karibu. Unakunywa soda gani?"

"Sikuja kunywa. Ile picha itoke."

"Ah, dada. Ile ndiyo picha inayoita watu kuliko zote. Umekuwa maarufu, hujui tu. Sikiliza, nikuletee wageni, gari zima, kila wiki."

"Mimi nawataka wawili wawili, kwa miguu."

"Hiyo ni biashara ya kuku wa kienyeji."

"Raymundi, pale namlilia mama yangu."

Akashusha sauti, kama mtu anayempa mwenzake siri nzuri. "Mgeni hajui tofauti. Mdomo uko wazi, mikono iko juu. Kwake yeye unaimba."

"Na wewe? Wewe unajua?"

Raymundi akaitazama simu yake. Jeska alisimama mpaka alipochoka kutazamwa na msichana wa mapokezi, akatoka.

Labda angevumilia. Wanawake wa Ulyankulu wamevumilia makubwa kuliko bango. Lakini wiki chache baadaye wageni wake wawili waliwasili, watu wapole, wamekuja kwa baiskeli kama alivyotaka. Jeska alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Walipomwona tu, wakatupa baiskeli, wakarusha mikono juu, wakafungua vinywa wakapiga yowe. Walikuwa wameliona bango stesheni. Walidhani ndiyo salamu ya watu wa huku, wakaifanyia mazoezi njia nzima.

Walikuwa wanacheka kwa upendo. Nyuma yao, hatua chache, lilikuwepo kaburi la Mektilda.

Jeska aliwamiminia maji mikononi, yote, mpaka birika likaisha. Akawapa chakula. Walipokwisha kula akawashika mkono akawapeleka kaburini, akawaeleza kwa Kiswahili cha polepole. Mwanamume kati yao akasema "pole" mara nyingi, moja ya maneno machache aliyokuwa anayajua. Jeska hakuwa na hasira nao. Hasira yake ilikuwa na anwani.

Kesho yake alikuwa barazani kwa Bimdogo.

"Nikilichana watanifunga," akasema.

"Watakufunga, na wataweka jingine," Bimdogo akajibu. Alikuwa anachambua iliki. "Mwanangu, bango lile kwa mikono hulishushi. Niambie, huku kwetu Tabora, Mwislamu, Mkristo, Mnyamwezi, Mmanga, nani anapita mbele ya msiba bila kusimama?"

"Hakuna."

"Basi. Pale stesheni pana msiba na hapana mkeka. Tukatandike mkeka."

Walichagua asubuhi ya treni kutoka Dar. Jeska alifika kwa miguu kutoka kwa Bimdogo, kanga kiunoni, kichwa wazi, rozari mkononi, na nyuma yake wanawake wa barabara ya saba waliosafiri tangu jana. Bimdogo alikuja na buibui lake, chetezo cha udi na mikeka mitatu ya ukili iliyokuwa ya mama yake. Wakatandika chini ya bango. Wakakaa. Hawakushika karatasi wala hawakupiga kelele.

Mwanzoni watu walipita tu. Jeska alitazama miguu ya wapitao, akaogopa. Akafikiri, kumbe ni kweli, mgeni hajui na mwenyeji naye amesahau. Kule juu kinywa chake kilikuwa wazi, na huku chini kilikuwa kimefungwa.

Kisha bodaboda mmoja akazima injini. Akavua helmeti, akaja, akainama. "Poleni, mama zangu. Nani ametangulia?"

"Mama yangu. Yule ninayemlilia pale," Jeska akasema, akaonyesha juu kwa kidevu.

Yule kijana akatazama juu. Akatazama chini. Akaenda kuwaambia wenzake kijiweni, na kijiwe kizima kikazima redio. Baada ya hapo watu walikuja kama wanavyokuja msibani, mmoja mmoja kisha kwa makundi. Muuza mkaa akateremsha gunia. Mtu akaleta sukari, mwingine ndoo ya maji. Mgambo akafika na kirungu chake.

"Mmekaa hapa kwa kibali gani?"

"Tangu lini msiba ukaombewa kibali?" Bimdogo akamuuliza. "Mama yako alipofariki nilikuja kwenu na kibali? Vua kofia kwanza."

Akavua. "Poleni."

"Tumeshapoa. Sasa wasaidie wale kuwasha mkaa."

Consolatha wa nyanya alikuja na beseni kichwani. Akapiga magoti mbele ya Jeska, mbele za watu, na mwanamke yule si mtu wa kupiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilisoma maandishi, uso sikuutazama." Jeska akampisha kwenye mkeka. Consolatha akakaa, na akalia kuliko wafiwa, kama ilivyo desturi ya wenye kosa.

Treni ikaingia. Gari la Raymundi lilikuwa limekuja kupokea watalii wake, na dereva alikuwa Selemani, mzaliwa wa Tabora, mtu wa kila mazishi. Kazi yake ilikuwa kuwasimamisha wageni chini ya bango, waige ile mikono, wapigwe picha. Aliona mikeka. Akasimamisha gari. Raymundi alikuwa kiti cha mbele, na waliokuwa karibu walimsikia.

"Pita, Selemani."

"Bosi, pana msiba."

"Nimesema pita!"

"Bosi, mimi nitazikwa hapa hapa Tabora," Selemani akasema. Akashuka, akavua kofia ya kampuni, akaja kutoa pole. Wageni wakamfuata, hawajui nini, lakini waliona watu wanainama nao wakainama. Mmoja akauliza. Bimdogo, kwa Kiingereza chake cha shule ya masista, akawaeleza ni nani yule juu na anafanya nini. Wakavua miwani ya jua.

Kioo cha dirisha la mbele kilipanda juu taratibu. Raymundi hakushuka.

Kabla ya adhuhuri mafundi wawili walikuja na ngazi. Hawakusema wametumwa na nani. Bango lilipoanza kujikunja, kinywa kikapotea kwanza, kisha mikono, na wanawake wa Ulyankulu wakaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Jeska hakuimba. Alifunga kilemba chake, akaanza kukunja mkeka wa watu.

Waliganduka mwezi uliofuata. Bimdogo alifika na haluwa, akakaa katikati ya wanawake wa Kirundi. Pombe ya ndizi hakuigusa, lakini aliwacheka walioigusa. Consolatha alipika. Egidi alisimama akasema kilio kimekwisha, na safari hii kilikuwa kimekwisha kweli. Binti ameolewa. Wageni wanaendelea kuja wawili wawili, na mistari yao ya maharage bado inakwenda kama nyoka. Miche ile sasa inatoa kivuli. Kuna wanawake wa Puge, kule Nzega, waliokuja kumwomba Jeska awaonyeshe namna, akakaa nao mwezi mzima, akawaachia taratibu zake zote na lile jembe la mama yake.

Lakini siku ya kuganduka, kila aliyekula wali wa msiba hutakiwa arudi. Ndiyo desturi: uliyekula kwenye kilio, njoo ukifunge. Walirudi wote, hata wale wa mbali. Mmoja hakurudi. Selemani alileta kutoka kwa Raymundi katoni ya soda na lile bango limeviringishwa kama maiti. Jeska alimpa Selemani chakula ashibe, akamrudishia vyote viwili.

"Mwambie avilete mwenyewe."

Hajavileta. Watu wanamwambia Jeska, bango limeshushwa, unataka nini tena? Tabora nzima ilimpa pole, mpaka mgambo, mpaka wageni wasiojua hata alfabeti ya Kiswahili. Aliyekaa uani kwake, akanawishwa mikono, akaongeza sahani, neno lake la pole liliishia kooni na mpaka leo halijatoka. Hilo ndilo deni. Anayedaiwa ni Raymundi mwenyewe, dereva hawezi kumlipia wala kampuni haiwezi, na pa kulipia ni pale uani, barabara ya saba, mbele ya kaburi la Mektilda. Njia anaijua.